Klabu Inatafuta Wafagiaji

Mikono ya mama yangu ilinuka javeli kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Alikuwa akisafisha ofisi za watu katikati ya Brussels, na dawa hiyo ya sakafu ilikuwa imemwingia kwenye ngozi kiasi kwamba hata ugali aliotupakulia ulinukia kidogo. Jumamosi harufu ilibadilika. Siku hiyo mikono yake ilinuka sufu mbichi, mpira uliolowa na chuma baridi, harufu ya ukumbi wa barafu uliokuwa nyuma ya maghala ya Anderlecht, si mbali na jengo tulilokaa. Watu wengine wakikumbuka utoto wao huona haya kusema kwamba walichukia kitu. Mimi sioni haya. Nikiwa na miaka kumi niliichukia harufu ile ya Jumamosi, niliwachukia waliotuletea, na majira mazima ya baridi ya mwaka ule nilimchukia kidogo mama yangu pia. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Wazazi wangu walitoka Bukavu kama wakimbizi kabla sijazaliwa. Baba alipata kazi kwenye kiwanda cha magari kule Forest, kiwanda ambacho siku hizi kimefungwa. Mama alisikia Kifaransa na kukijibu bila taabu, lakini kukisoma kulimshinda, maana shule yake ilikatizwa na vita. Kwa hiyo mimi Riziki, kifungua mimba wake, ndiye niliyekuwa karani wa nyumba. Barua za shule, barua za mwenye nyumba, ilani ya lifti mbovu, zote zilipita kwangu. Siku moja tulikuwa tumekaa kwenye benchi la komine, yaani ofisi za serikali ya mtaa, tukingoja namba yetu iitwe. Ukutani palikuwa na tangazo lenye picha ya ufagio, mama akaniuliza linasema nini. Nikasoma kwa majivuno ya mtoto anayejua: klabu inatafuta wafagiaji, wake kwa waume, uzoefu hauhitajiki, njooni Jumamosi. Chini yake palikuwa na neno “curling”. Sikulijua, nikadhani ni jina la kampuni, nikaliruka.

“Expérience njo niko nayo ya mingi,” mama alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu kilichochanganyika na Kifaransa, uso wake umechangamka. “Donc batanikatalia nini?”

Jumamosi hiyo alivaa kitenge chake kizuri, kile alichonunua kwenye maduka ya barabara ya Chaussée de Wavre kwa ajili ya ubatizo wa mdogo wangu, akatia vyeti vyake vya kazi ndani ya bahasha ya plastiki, akanishika mkono tukaenda. Ndani ya ukumbi tulikuta Wazungu kama kumi na wawili, wengi wao wazee, wamesimama juu ya barafu na mifagio yenye mipini mirefu. Katibu wa klabu, bwana mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alizipokea karatasi za mama, akazisoma, akawaita wenzake. Wakacheka. Wala si kutabasamu, walicheka mpaka mmoja wao akashika ukuta. Katibu alifuta machozi na kunieleza mimi, si mama, kwamba kufagia kule si kazi bali ni mchezo, na kwamba mshahara hakuna. Nilitamani barafu ile ipasuke inimeze. Mchuma janga hula na wa kwao, na janga nililolichuma mimi ukutani mama yangu alilila mbele za watu, amevaa kitenge. Aliwangoja wamalize. Kisha akaiweka bahasha juu ya benchi, akakaza kitambaa chake kichwani, akawaambia kwa Kifaransa kwamba sawa, basi wampe huo ufagio aone.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu mmoja hupiga goti na kulisukuma jiwe zito la mviringo lenye mkono juu yake, kisha huliachia liteleze kwenye barafu kuelekea duara kubwa lililochorwa mwisho wa uwanja, ambalo wenyewe huliita nyumba. Wazee wasioweza kupiga goti husukuma kwa fimbo maalumu, wamesimama. Wenzake wawili hukimbia mbele ya jiwe wakisugua barafu kwa mifagio ili ipate moto kidogo, na jiwe likisafishiwa njia namna hiyo huenda mbali zaidi na kunyooka. Mama alifagia kama alivyofagia siku zote, kwa mabega na mgongo, bila mapozi. Jiwe ambalo kila mtu alikwisha kulikatia tamaa aliliendesha hadi katikati ya nyumba. Kicheko kiliisha pale pale, ila samahani haikuja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa ufagio siku ya kwanza, tena tuliuomba wenyewe.

Nilichelewa kuelewa kwa nini katibu aligeuka kuwa asali baada ya hapo. Klabu ilikuwa mahututi. Mawe yake yalikuwa yamechakaa, mifagio ilikuwa ya kuazima, na ukumbi uliwapa saa mbili tu kwa juma. Komine ilikuwa tayari kuwasaidia kwa mawe mapya, vifaa na saa zaidi za barafu, ila kwa sharti moja: klabu ionyeshe kwamba ina wanachama wanaokaa mtaani. Na wanachama wao karibu wote walikuja kwa magari kutoka nje ya mji. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui msemo mwingine uliowahi kutimia kwa namna ya kutia uchungu kama ule. Katibu alimwomba mama alete na wenzake, akamwahidi mbele yangu, mimi nikiwa shahidi, kwamba msaada ukishatoka wanawake wetu watapewa saa yao kila Jumamosi, na ndani ya saa hiyo watasukuma mawe wao wenyewe. Kwa sasa mawe ni machache, alisema, kwa hiyo wafagie kwanza.

Mama akawaleta Maman Zawadi, aliyekuwa akiimba naye kwaya, na Mama Hadija wa Bujumbura, jirani yetu wa ghorofa ya nne, Mwislamu aliyefunika kichwa. Majina yao yaliandikwa kwenye faili. Kisha akaja mpiga picha. Alimtoa Mama Hadija nyuma akamweka mbele, akamwomba avue kofia ya sufu aliyoivaa juu ya hijabu ili kitambaa kionekane vizuri.

“Kitambaa yangu ina kazi gani na barafu?” Mama Hadija aliuliza, lakini aliivua. Picha ilipigwa: mama zetu watatu wamekumbatia mifagio, wanacheka, na nyuma yao katibu amenyoosha dole gumba.

Kila Jumamosi basi, mama alikwenda. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Mama yangu alikuwa na wana watatu na bado alilitaka jiwe. Mimi ndiye niliyebaki na wadogo zangu, nikiwapikia mchele ulioungua na kununa. Shuleni mwalimu alipouliza wazazi wetu wanacheza mchezo gani, nilisema wangu hawachezi. Ningesema nini, kwamba mama anafagia hata siku ya mapumziko? Baba naye hakunyamaza. Alikuwa akirudi kutoka kiwandani mgongo umekakamaa, anakuta chakula changu, anasukuma sahani.

“Mama Riziki, wiki muzima uko nafagia,” alisema. “Alors samedi nayo unaenda kufagia, na bule?”

“Kule kazini nafagia batu bakishatoka,” mama alimjibu. “Hakuna mwenye kuona. Huku nafagia, na jiwe inaenda. Na siku moja ntaituma mimi mwenyewe, utakuya kuona.”

Nilimsikia akisema hivyo, nikajua kwamba hatanii. Jikoni alikuwa akijifunza kupiga goti la kusukumia jiwe, mguu mmoja mbele, mwingine umeburutwa nyuma, sufuria ikiwa ndiyo jiwe. Wadogo zangu walimshangilia. Mimi niliona mwanamke mzima anapiga magoti sakafuni kwa ajili ya watu waliomcheka.

Msaada ukatoka. Mawe mapya yalifika, mifagio myepesi ikafika, saa za barafu zikaongezwa. Jumamosi ile mama alivaa suruali mpya. Alirudi mapema. Saa zile zilikuwa zimegawiwa wanaojiandaa kwa mashindano, katibu alimwambia, na wao waendelee kufagia kwa muda, watafikiriwa. Hawakufikiriwa wiki ile wala iliyofuata. Ndipo Jumapili moja baada ya kanisa mama akanikalisha mezani na kunitolea karatasi. Alisema kwa Kiswahili, mimi nikaandika kwa Kifaransa. Barua ilikuwa fupi. Ilisema sisi ni wale wanawake watatu wa kwenye picha; mlituahidi saa moja; tunaomba kujua ni saa ipi. Akatia sahihi yake ya polepole, kila herufi peke yake, akaniambia kesho niipitishe kwenye sanduku la ukumbi nikienda shule.

Sikuipitisha. Niliichana vipande vinne nikaitupa kwenye pipa la karatasi chini ya ngazi. Nilikuwa na sababu mbili, na zote mbili nazikumbuka. Ya kwanza, nilimtaka mama yangu Jumamosi. Ya pili, niliwaona wale watu kichwani mwangu wakipokezana karatasi yangu, wanasoma Kifaransa changu cha mtoto, wanashika ukuta kwa kicheko. Sikuweza kuwapa kicheko cha pili.

Mama alingoja. Angeweza kumuuliza katibu kwa mdomo, lakini alikuwa na kiburi chake. Barua hujibiwa kwa barua, alisema. Alifagia wiki nyingine tano, kila mara akimtazama katibu usoni, na katibu, ambaye hakuwa na barua yoyote, alimpungia mkono tu. Kabla ya Pasaka mama akaacha kwenda. Wenzake nao wakaacha. Nimelipima jambo hili miaka mingi ili nisijionee huruma wala nisiwasamehe bure: barua niliitupa mimi, lakini ahadi haikuwa kwenye barua. Waliitoa kwa vinywa vyao, waliijua. Wanawake watatu walitoweka kwenye klabu ya watu kumi na watano, na hakuna aliyepiga simu kuuliza kama ni wazima. Msaada ulikwisha kutoka, wa kuuliza alikuwa na haja gani tena?

Leo mimi ni mfanyakazi wa komine nyingine ya mji huu, katika idara inayopokea maombi ya vyama na klabu. Nasoma mafaili kutwa: wanaotaka ukumbi, wanaotaka vifaa, wanaotaka mtu wa kuwafundisha watoto. Mwezi uliopita likafika faili la klabu ya mchezo wa mawe inayotaka kujitanua hadi eneo la komine yetu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha. Niliitambua kabla sijaisoma. Mama zetu watatu wamekumbatia mifagio, wanacheka, kitambaa cha Mama Hadija kiko mbele vizuri kabisa. Miaka kumi na tano imepita tangu wakanyage barafu ile, na bado klabu inaombea msaada kwa picha yao. Chini ya picha hapakuwa na jina hata moja. Palikuwa na maneno mawili ya Kifaransa: wafagiaji wetu.

Hasira iliyonipanda siku ile sijawahi kuijua. Nilikuwa na kalamu mkononi na ningeweza kulizika faili lile, tena kwa sababu safi zenye vifungu. Badala yake nilikwenda kwa mwenzangu wa idara nikamweleza kwamba yule wa kulia ni mama yangu, kwa hiyo faili alishughulikie yeye, na majina yaliyomo ayahakiki moja moja. Kisha nikaomba nakala ya picha nikampelekea mama.

Bado anakaa Anderlecht, jengo lile lile. Mikono yake hainuki javeli tena. Siku hizi inanuka dawa ya kuchua, maana sakafu za watu zimemmaliza magoti. Utoto wangu ulikuwa na mama asiyetulia, na sasa ninaye aliyetulia kwa lazima, na sithubutu kusema nimepata nilichokitaka. Aliitazama picha muda mrefu, akawataja wenzake kwa majina, akamwombea rehema Mama Hadija, ambaye sasa ni marehemu. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari ya jana, “Na ile barua yetu, mbona habakujibuaka?”

Nilimwambia. Nilimwambia yote, pipa, vipande vinne, kicheko nilichokiogopa. Aliniangalia bila kupepesa. Sikumwona akikasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

“Kamata biki,” alisema. “Andika.”

Nikashika kalamu, nikaandika. Alikuwa anaikumbuka barua ile neno kwa neno, ila safari hii hakusema watatu. Sisi ni wale wanawake wa kwenye picha. Mlituahidi saa moja. Tunaomba kujua ni saa ipi. Nilipodhani amemaliza akainua kidole.

“Mwisho utie hii. Sasa hatuleti balai, ufagio babaki nayo. Na ile fimbo ya bazee, baiweke tayari, magoti yangu imechoka.”

Akatia sahihi, kila herufi peke yake. Jumamosi iliyofuata niliipeleka ukumbini mwenyewe. Harufu ilikuwa ile ile. Katibu bado ni yule yule, amezeeka, miwani bado inaning'inia kifuani. Sikumwambia ninafanya kazi wapi. Nilimkabidhi barua mkononi, nikasimama mbele yake mpaka alipoisoma yote.

Hakucheka.