Mawe ya Emilia na Chumvi ya Bahi

Emilia Ndahani Chidawali, mjukuu wa mchimba visima wa Mvumi, binti wa Hilda niliyechemsha naye chumvi ya udongo kule Bahi, anatunza samaki wa baharini kwenye tangi la kioo la hoteli, mtaa wa Area D. Mawe ya tangi, ambayo vijidudu vyake husafisha maji, yalipochakaa, Habibu muuzaji alileta gunia la mengine, akiapa ni ya baharini. Emilia hakumwamini, maana jiwe baya huua samaki wote. Akalamba moja, akaonja ile chumvi ya udongo ya mama yake.

"Habibu, umepaka chumvi ya Bahi jiwe la mlimani."

"Chumvi ni chumvi, dada."

"Beba gunia lako."

Mawe ya kweli yalipopatikana, alimwita bintiye Anitha. "Badilisha moja tu, mengine yaendelee kusafisha maji. Jingine mwezi ujao. Na ulilambe kwanza."