Milioni Moja na Moja

Warigia alifundisha hesabu Eldoret hadi akastaafu, na kila mwaka Form One walianza na swali moja: milioni moja na moja, 1,000,001, ni namba tasa? Yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe? Darasa zima lilisema ndiyo. Alifurahia kuwaonyesha kuwa inagawanyika.

Kisha kiharusi kikampata akiteka maji nyumbani Cheptiret. Maneno yalirudi, mguu ukarudi, mkono wa kulia ukabaki mzito. Lakini daktari alipomwambia atoe saba kutoka mia, alishindwa, na daktari akabadilisha mazungumzo.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alijaribu kukumbuka ile milioni moja na moja hugawanywa na nini, na hakuna kilichokuja. Hakumwambia mtu. Chai ilipoa mbele yake, akiitwa hasikii.

Mumewe, Kabiru, alifunga duka mapema siku moja akamkuta analia.

"Mama Shiko, ni mkono?"

"Ni kichwa." Akamweleza.

"Si tuulize simu?"

"Simu itajua. Mimi nataka kujua kama bado niko."

Kabiru aliachia shule darasa la saba. Alivuta kiti, akachukua kalamu. "Basi sema, mimi niandike."

Wakajaribu namba tasa moja moja. Tatu ilikataa: tarakimu zote zikijumlishwa ni mbili tu. Saba, kumi na moja, kumi na tatu, zote zilibakisha mbili. Walipofika kumi na saba, Warigia alipiga meza. "Imeingia! Elfu hamsini na nane, mia nane ishirini na tatu!"

Kabiru alizidisha polepole, akarudia. Hakutaka kusema.

"Nini?"

"Inakuja laki tisa, elfu tisini na tisa, mia tisa tisini na moja. Kumi zimepotea."

Warigia aligeuza uso ukutani. Aliogopa kuliko alivyoogopa hospitalini, maana hapa alikuwa na uhakika kabisa.

Siku iliyofuata alikataa kukaa mezani. Baada ya kanisa Jumapili akakaa. Waliendelea kidogo kidogo, akichoka wanaacha. Sasa kila hesabu aliirudia, hata iliyokuwa sawa. Hata tisini na saba ikabakisha kitu.

"Labda ni tasa kweli," alisema. "Labda nilidanganya watoto wa watu."

"Inayofuata?"

"Mia moja na moja."

Elfu moja, mara tisa, baki tisini na moja. Teremsha sifuri. Mara tisa, baki moja. Teremsha sifuri tena, kumi, haiingii. Teremsha ile moja ya mwisho: mia moja na moja. Mara moja. Baki sifuri.

"Zidisha," alinong'ona.

Kabiru alizidisha 9,901 kwa 101. Akarudia. "Ni yenyewe, Mama Shiko."

Hakushangilia. Alivuta karatasi kwa mkono wa kushoto. "Na hii 9,901 je, ni tasa? Tujaribu tena. Lakini hatupiti tisini na saba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mia mara mia ni elfu kumi, tayari imezidi. Ikigawanyika, lazima kigawanyo kimoja kiwe chini ya mia."

Warigia akamtazama Kabiru. Hilo hakuwa amelitafuta; lilikuja lenyewe.