Paa la Mama Ange

Jirani yangu pale Kumsenga, Immakulata, ndiye Mama Ange, alilima maharage misimu na misimu mpaka akapata mabati. Hayakuwa mapambo. Mama mkwe wake, bibi Niyubahwe, alikuwa mgonjwa wa kifua, na paa lao la nyasi lilikuwa limezeeka kumshinda bibi mwenyewe.

Kabla ya mvua za mwaka tisini na mbili akapika pombe ya ndizi, akatuita majirani tuje tuezeke. Tukiwa bado tumeuzunguka mtungi, mirija mdomoni, akatokea Tamimu, dereva wa Kasulu aliyekuwa akiwapitisha Wazungu wanaokwenda ziwani kutazama sokwe.

"Mama Ange, nakuomba, nyasi hizo usizitoe kwanza. Wageni wangu wamechoshwa na miji yao, wanataka nyumba ya asili. Nitawaleta kwako kila safari."

Immakulata hajui kumnyima mtu. Akakubali kusubiri. Kwetu pombe ya kazi ikinywewa bila kazi ni aibu ya wote, lakini mtungi ulishakauka, nani angeitapika? Tukarudi makwetu. Nilikasirika, na hasira ile haijaniisha.

Mvua haikumsubiri Mzungu. Kitanda cha bibi kilihamishwa kona hadi kona, naye anakohoa, na mabati yameegemezwa ukutani mbele ya macho yake.

Ndipo wageni wakaja. Wakalipiga picha paa, wakasifu mlio wa mvua kwenye nyasi. Tone likamwangukia mmoja shingoni, likafuata jingine, na mara wote wakakimbilia barazani kwangu, chini ya bati, wakaendelea kupiga picha wakiwa hapo. Mmoja akamuuliza Tamimu kwa nini watu wa huku wanaharibu mila zao kwa mabati. Nikangoja ajibu. Alikuwa anakamua shati.

Immakulata akavuka uwanja amembeba bibi mgongoni, akamketisha katikati yao.

"Tamimu, mwanangu," alisema taratibu, "wageni wako wamechagua nyumba. Na mama mkwe kachagua hiyohiyo."

Mvua ilipokatika nikapita mlango hadi mlango kuita watu. Immakulata akanifuata, anahangaika kwamba hana hata kikombe cha kuwapa. Nikamwambia aache kuniudhi, pombe yake tulishainywa.