Tulivyopata Pa Kulala Katoro

Dada yangu Zainabu alijifungua mtoto wake wa kwanza huko Geita, na hakuwa na mtu wa kumkanda. Habari hiyo tuliletewa nyumbani Shinyanga na dereva wa lori la pamba. Alisema mtoto ni wa kiume, ni mzima, na maji ya moto mzazi anachemshiwa na mumewe. Mama aliposikia kwamba maji ya uzazi yanachemshwa na mwanamume, aliweka ungo chini na mchele wake, akaingia ndani kufunga nguo.

Baba alikuwa kibarua wa reli na hakupata ruhusa. Ikabidi nimpeleke mimi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikifanya kazi ya kuziba pancha kwa fundi baiskeli sokoni. Kazi hiyo niliipenda kwa sababu baiskeli haikuulizi maswali. Kusema na mtu nisiyemjua kulinitoa jasho tangu utotoni.

Mama ni mtu wa Ujiji. Alikuwa hajawahi kulala nyumba ya kulipia. Popote alipokwenda alifikia kwa ndugu. Usiku wa kuamkia safari alitoa masharti yake mbele ya baba: hatalala nyumba inayouza pombe, na hatakula nyama asiyojua imechinjwa na nani.

"Nikikosa hayo nageuza," alisema. "Zainabu atanisamehe."

Baba alicheka. Kisha akanitazama mimi, akaacha kucheka.

Asubuhi, Shinyanga. Mwaka ule dizeli ilikuwa ya kubahatisha, na basi letu liliondoka jua likiwa limeshapanda. Mama alikaa dirishani, ameshika kikapu chenye khanga za mtoto, sabuni aliyoipangia foleni, na chupa ya mafuta ya nazi. Mimi nilikalia magunia kwenye njia, nikafurahi, maana hapo hakuna aliyeweza kunisemesha.

Tinde tulisimama kuchukua abiria. Wanawake walileta karanga na mayai ya kuchemsha madirishani. Mama alinunua karanga. Mzee aliyekaa naye alimega paja la kuku wa kukaanga akampa. Mama alishukuru, akasema tumbo halijatulia. Nilijua tumbo lake halina neno. Alikuwa hajui kuku yule amechinjwa na nani.

Kahama, mchana. Tulishuka kwenye hoteli yenye mabenchi marefu na harufu ya supu iliyonifanya nimeze mate. Mama aliniambia niende kaunta nikaulize mchinjaji ni nani. Nilikwenda. Nilisimama pale, mwenye hoteli akanitazama, nikamtazama, nikarudi na vikombe viwili vya chai.

"Umeuliza?"

"Wana chai, Mama."

Hakunigombeza. Alikunywa chai yake na mimi nikanywa yangu, na supu ikabaki kwa wenyewe.

Baada ya Ushirombo mvua ilianza. Barabara ikawa tope jekundu, miti ikakaribia pande zote mbili, na vijana wenye majembe na sululu wakawa wanasimamisha basi wapande. Walikuwa wachimbaji wa dhahabu. Waliimba, walitaniana, na mmoja aliyeitwa Masanja, mrefu, miguu imeganda tope hadi magotini, alimwita mama "mkwe" njia nzima. Mama alijaribu kununa akashindwa.

Katoro, alasiri. Dereva alizima injini akatangaza kwamba mbele maji yamefunika daraja, tutalala hapa. Watu walishuka bila wasiwasi kama waliofika kwao. Mimi na mama tulibaki tumesimama kando ya kikapu.

"Haya," mama akasema. "Tafuta."

Nilimwacha kwenye baraza ya duka nikaenda. Gesti zilikuwa nyingi, zimepangana barabarani, na karibu kila moja ilikuwa na baa mbele na muziki unaotikisa madirisha. Nilipita zote bila kuingia. Kisha nikamwona mzee amekaa mlangoni mwa gesti moja, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya kufuma kwa mkono, nzuri kama ile anayovaa baba siku ya Idi. Moyo ulitulia. Nilimsalimia, "Asalaam aleikum," akaitikia vizuri, "Aleikum salaam, mwanangu." Sikuuliza zaidi. Kwetu mtu wa namna hiyo haulizwi ni nani. Nikakimbia kumleta mama.

Mama alimwamkia yule mzee, wakaulizana hali, tukapita ndani. Uani tulikuta pipa la pombe ya mtama limezungukwa na watu wenye vibuyu, na nyuma yao, kwenye kamba, umetundikwa mguu wa nguruwe.

"Karibuni!" mzee akatuambia. "Kimoja kimoja cha kuondoa vumbi?"

"Mzee, na hiyo kofia?" mama akamuuliza.

"Nzuri, eh? Nimeinunua Tabora. Inakinga jua kuliko hizi za majani."

Huku, niligundua, kofia ni kofia tu. Wakristo wanaivaa, na wale wanaotambikia wazee wao wanaivaa. Watu uani walicheka, lakini si kwa ubaya. Mmoja alitusindikiza hadi barabarani akitubebea kikapu.

Mama alikaa tena kwenye ile baraza. Tangu asubuhi alikuwa amekula karanga tu, na midomo yake ilikuwa imepauka. Upande wa pili wa barabara kondakta wa basi lingine alikuwa akiita watu wa Kahama wa alfajiri.

"Nenda kaniwekee nafasi," alisema.

"Mama, na Zainabu?"

"Ana mumewe. Keshazoea kuchemsha maji."

Alisema hivyo lakini alikuwa akizikunja upya zile khanga za mtoto, na hazikuwa zimekunjuka. Nilivuka barabara. Nilimfikia kondakta, nikampita. Nilijua nikimwekea mama nafasi ile, dada yangu atabaki peke yake ugenini na kichanga, na sababu itakuwa kwamba mimi naogopa kufungua mdomo.

Nilikata kona nikapita nyuma ya nyumba. Huko ndiko nilikoliona: birika. Birika la bati, limewekwa juu ya jiwe mlangoni mwa choo, kwenye ua uliofagiliwa, na mkeka umeanikwa kwenye ukuta. Vyoo vya nyumba nyingine nilizopita huko nyuma vilikuwa na makopo au havikuwa na kitu. Nani anaweka birika chooni isipokuwa mwenye wageni wanaotawadha?

Mwanamke mnene alikuwa akichambua mboga.

"Mwadila," alinisalimia kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mama. Hapa..." Nikaanza upya. "Hapa mnauza pombe?"

"Marahaba. Mlevi kama wewe umetoka wapi?"

"Hapana! Nauliza ili... mama yangu hataki."

Alicheka hadi mboga zikamwagika. Aliitwa Mama Kulwa. Alikuwa Mkristo, na wanawe pacha walikuwa wakisoma katekisimu kanisani saa ile ile. Wageni wake wengi walikuwa wafanyabiashara wa vitenge kutoka Kigoma na Tabora, na hao ndio waliomfundisha nyumba ya kuwapokea inavyotakiwa kuwa. Pombe hauzi. Nguruwe haingii. "Mume wangu akimtaka anamfuata huko huko aliko, na anarudi amenawa," alisema. Katika kila chumba aliweka msumari ukutani upande wa kibla, ili mgeni asihangaike kuuliza.

Nilimleta mama. Alikagua birika, mkeka, msumari, kisha akaingia jikoni akainusa sufuria moja moja. Mama Kulwa alimwacha, amejishika kiuno.

"Umemaliza, dada?"

"Nimemaliza. Nitalala hapa," mama akasema. Kisha akauliza, "Nyama anachinja nani?"

Mama Kulwa alishusha mikono. Mchinjaji wake, mzee Mwislamu wa Kimanyema, alikuwa amekwenda msibani. Tangu hapo wageni walikuwa wanakula maharage. Kuku alikuwepo, kafungwa mguu pale kwenye kinu, ila hakuna wa kumchinja. Wafanyabiashara wa Kigoma walikuwa wameondoka, na waliobaki ni wachimbaji, wote Wasukuma wa makanisani na wa jadi.

"Siku ngapi maharage!" Sauti ilitoka chumbani. Alikuwa Masanja wa kwenye basi, ambaye kumbe alikuwa amepanga hapo. "Mkwe, tuokoe!"

"Mngemchinja wenyewe," mama akasema.

"Nikichinja mimi," Mama Kulwa akajibu, "wewe utakula?"

Mama akavuta kigoda, akakaa. Ndipo Mama Kulwa akanigeukia mimi.

"Na huyu? Si Mwislamu? Si mwanamume?"

Ua mzima ukanitazama. Sijawahi kuchinja hata njiwa. Kwetu kazi hiyo ni ya baba, na mimi hushika miguu huku nimefumba macho. Nilimtazama mama nikitegemea ataniokoa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amechoka, na nilielewa kwamba kesho kuna safari ya Geita na baada yake kazi ya kukanda, na mwili huo haupelekwi na karanga.

"Kisu," nikasema.

Masanja alishika mbawa na miguu. Nilimgeuza kuku kuelekea kibla. Nikasema bismillahi, lakini kwa ndani, kama nilivyozoea madrasa.

"Sijasikia," mama akasema.

"Hata kuku hajasikia!" Masanja akaongeza.

"Wewe shika miguu," nikamwambia Masanja, na sauti iliyotoka sikuitambua. "Bismillahi, Allahu Akbar!" Nadhani ilifika barabarani. Nikachinja, na ikawa sawa.

Wachimbaji walipiga makofi. Masanja, aliyesikia habari za kazi yangu kwa mama njiani, akanipa jina la Shehe Pancha, nami sikukasirika. Baada ya magharibi tulikula ugali wa muhogo na mchuzi wa kuku, wote uani, na mama alimaliza bakuli lake akafuta kwa kidole. Mama Kulwa akamwongezea bila kumuuliza.

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua. Mama Kulwa na mama walishikana mikono kwa muda mrefu, wakiambiana mambo ya kumlea mzazi. Hawakutaka nisikie, na sikusikia.

Geita tulifika mchana. Shemeji alikuwa mlangoni na sufuria ya maji ya moto mikononi, uso umeloa jasho. Mama alimpokea sufuria kabla ya kumwitikia salamu, akaingia. Nilimsikia Zainabu akiita, "Mama!" mara moja tu, kisha akalia, kisha wote wawili wakacheka. Mimi nilipewa mtoto nimshike. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

Mama alibaki hadi arobaini. Nilirudi peke yangu, nikalala tena kwa Mama Kulwa, ambako mzee wa Kimanyema alikuwa bado hajarudi na maharage yalikuwa yameanza tena. Kahama nilikwenda kaunta.

Nawaandikia haya ninyi mnaonisoma nyumbani, kwa sababu nanyi mtasafiri. Mkifika mji msioujua, kofia ya aliyekaa mlangoni isiwatoshe. Zungukeni nyuma mkaangalie choo kina nini. Kisha ulizeni, hata kama jasho linawatoka. Mimi sasa nafika, nasalimia, nauliza nani anachinja hapa. Wakiniambia hakuna, naomba kisu.