Mtungaji wa Asumini Zangu

Nilikuwa mwari ndani, nimepakwa liwa mpaka kwenye kope, natakiwa nitulie nipendeze. Kutulia sikujaaliwa. Lakini raha ilikuwapo, maana kila jioni mama aliniletea kikuba, kishada cha asumini na mrehani, cha mtungaji mpya nikinuse. Alikuwa anatafuta mtu wa kutunga maua ya harusi yangu.

Cha mwanzo kilitoka Michenzani. Mama akakigeuza. "Mrehani tele, asumini ziko wapi?" Cha pili kilitoka Darajani. "Hizi zimechumwa zishafunguka. Mpaka bwana harusi aingie, zishakuwa majani ya chai." Hapo alisema kweli, asumini huchumwa alasiri, zikatungwa zimefumba, zikafungukia kichwani mwa bi harusi. Lakini cha tatu kilikuwa kizuri hasa, na bado akakunja pua.

"Yallah, mama! Unamtaka shoga yako, huna mwengine."

Shoga yake alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro, mtungaji hodari, aliyenilea kama mwanawe. Walikuwa hawasemezani tangu khitma ya bibi, mama aliposema mbele ya watu kuwa wali wa mwenzake una kiini, haukuiva. Mdomo ule! Na kwetu mtungaji wa maua ya harusi hajiombi kazi, huendewa nyumbani kwake akaombwa. Kwa hiyo jirani hawezi kuja, mama hataki kwenda, na mimi naolewa bila ya mtu aliyenifunga ushungi wangu wa kwanza. Roho iliniuma.

"Ingekuwa mwari anatoka, ningekwenda mwenyewe," nikamwambia. "Lakini koja la mwengine silivai. Nitakaa kichwa kitupu, watu waseme watakavyo."

"We mtoto una jeuri!"

"Nimerithi kwako."

Akanitazama, kisha akachukua buibui lake. Nikakimbilia dirishani na liwa langu, nikachungulia.

Akapiga hodi. Mlango ukafunguliwa, na mama, asiyekosa jawabu hata siku moja, akainamisha kichwa. Akasema, "Shoga, nlikukosea. Niwie radhi. Nimekuja kukuomba maua ya mtoto."

Jirani akaanza kulia palepale kizingitini.

"Mbona umechelewa hivyo?" akasema. "Nlikuwa nnaogopa harusi ya mwanangu n'tainusa tu, kama mpita njia."