Kipande cha Ndugu Yangu

Kwetu, kwenye vilima vya upande wa Masereka, barabara ya serikali tunaisikia kwa radio tu. Njia yetu ni ile batate, babu zetu, balipasua na jembe. Ni nyembamba, upana wa chukudu moja na miguu ya mwanaume mwenye kuisukuma, na inashuka kutoka kwa mashamba ya viazi mpaka chini kabisa, pale moto, zile pikipiki, na magari ya kwenda Butembo inapita. Chukudu ni baiskeli ya mbao, bila pedale, bila kiti, na inabeba viazi kuliko punda. Ili magurudumu yake isizame, balilaza miti ndani ya udongo, mumoja kando ya mwingine, njia muzima. Mpaka leo tunafanya vilevile. Muti ukioza, unautoa, unalaza mwingine palepale.

Hakuna mutu anatulipa. Kila siku ya posho, yaani samedi, Jumamosi, tunafanya salongo: kila nyumba iko na kipande chake cha njia, inakilima, inafungua mufereji, inalaza miti. Kipande changu hakina hata jani moja. Najua majirani bananiita komanda nyuma ya mugongo wangu. Baniite. Njia haijengwe na upole.

Iko sheria moja ya salongo, na haikuandikwa mahali. Kama uko mugonjwa ao safarini, unapatia jirani jembe lako kwa mukono wako mwenyewe. Analima na jembe lako, na kipande kinabaki chako. Lakini mutu akikilima na jembe lingine, bila wewe kumutuma, ni kusema umekufa. Siku ileile kilio kinaanza, na kipande kinakuwa cha mwenye amekilima. Wageni banacheka tukibaelezea. Bila hiyo sheria tungekuwa tulishanyanganyana njia, na mashamba yenye iko kandokando.

Ndugu yangu mudogo, yule mimi dada yake nilibeba kwa mugongo wakati mimi mwenyewe ningali mutoto, alikwenda kulima kakao upande wa Beni, kupita Mangina. Alisema udongo wa kule ni mafuta. Alikwenda na muke wake na jembe lake. Siku moja batu ba mapanga baliingia kwa mashamba. Muke wake alikuwa mutoni anateka maji. Alikimbia na bidon mukononi na mimba tumboni, akalala kwa makanisa na kwa nyumba za masomo, mpaka akafika kwetu, miguu imevimba. Bwana yake hakuonekana. Bengine balisema balimuona kati ya batu benye balifungwa kamba, bengine balisema hapana, si yeye. Jembe lake lilibaki kule.

Mama yetu alisema neno moja tu: "Maiti haiko, kilio hakiko." Padri alipokuja kuuliza kama tunataka misa ya marehemu, mama alimujibu kwamba tunataka misa ya musafiri. Padri akaisoma.

Donc kipande chake kikabaki bila kulimwa. Na bahati mubaya, ni kile cha kwenye kona, pale maji inatoka ndani ya kilima. Mufereji ukajaa. Miti ikaoza. Mvua ikala njia kidogo kidogo, mpaka pakabaki matope tu, na chini yake bonde. Kila posho tulikuwa tunalima kutoka juu mpaka mupaka wake, tunalima kutoka chini mpaka mupaka wake, tunaachia pale. Batu ba chukudu balikuwa banashusha mifuko, banaipitisha kwa kichwa mumoja mumoja kwa kijia cha mbuzi kule bondeni, kiisha banapakia tena. Balikuwa banatukana mvua. Mama hakuna mutu alimutukana.

Na mimi nilikuwa nalinda yale matope kuliko batu bote. Siku moja kapita, muzee mwenye anaongoza salongo, alinikuta nayaangalia. Akauliza, "Mama, tutafanya aje hapa?" Nikamujibu vibaya: "Uko na kipande chako, lima kile." Matope yale ndiyo ilikuwa inasema kwamba ndugu yangu angali muzima. Hakuna kitu kingine kilikuwa kinasema vile.

Kiisha siku ya muke wa ndugu yangu kuzaa ikafika, na ikafika siku ya salongo, nyuma ya mvua ya usiku muzima. Muzalishaji wetu alishika tumbo, akashika tena, akanivuta inje. Mutoto alikuwa amelala kingamo tumboni. Bila kupasuliwa kule Butembo, akasema, hautabaki na mama, hautabaki na mutoto. Tukatandika matela ya kitanda chake juu ya chukudu, tukamulaza, tukamufunga na kikwembe ili asiteleze. Mwenye chukudu alikuwa kijana wa nguvu, alishikilia kwa mbele, banaume babili balivuta kamba kwa nyuma. Alikuwa anajisemea, "Pole pole njo mwendo, pole pole njo mwendo," na jasho inamutoka.

Tulishuka vizuri. Nataka niseme hii: miti haikusogea, magurudumu haikuzama, na kila mutu mwenye tulikuta kwa kipande chake alisimama pembeni, akaweka jembe begani, akatufuata. Tulipofika kwa kona tulikuwa kundi kubwa. Chukudu ikasimama.

Banaume babili balijaribu kumubeba kwa mikono. Wa kwanza alizama mpaka mapaja, matela ikainama, kidogo aende naye bondeni. Tukamurudisha juu ya chukudu. Kijia cha mbuzi kinapitisha mutu mumoja mwenye kusimama, hakipitishe mutu mwenye kulala. Basi tukabaki tunaangaliana. Majembe ilikuwa tele pale, pengine hatukuwahi kuwa na majembe mengi vile mahali pamoja, na hakuna hata moja liliinuka. Batu bote banaangalia mama yangu.

Kapita akavua kofia. "Mama, ni wewe tunangojea."

Mama aliangalia yale matope. Akasema, "Mimi nilimuzaa. Hapana niombeni mimi nimuzike." Akakaa chini, palepale kwa maji.

Na yule juu ya chukudu akasikia. Alishika kikwembe changu na mikono yote mbili. "Dada, hapana lima. Nirudishe nyumba. Akifika akute tulimuzika, tutamwambia nini?"

Nikamwambia, "Utakufa."

"Nife basi."

Hasira ilinipanda, sitaficha. Hasira juu ya mama mwenye alikaa, juu ya wale banaume na majembe yao begani kama batu benye kungojea basi. Hasira juu ya ndugu yangu pia, mwenye alifuata udongo wa mafuta akaacha huu wetu. Nilitoa mikono ya yule muke kwa kikwembe changu, kidole na kidole. Jembe langu niliacha nyumbani, kwa sababu ya haraka. Nikanyanganya lile la kapita, nikaingia ndani ya matope, nikapiga.

Mama akaanza kulia nyuma yangu. Haikuwa kilio cha uchungu wa kawaida. Ni ile sauti bamama banapokezana kutoka kilima mpaka kilima, ili bote bajue mutu amekufa. Nilisikia kilima cha pili kinajibu, kiisha cha tatu. Nikapiga tena.

Ikisha limwa imelimwa. Banaume baliingia bote kwa mara moja. Bengine balifungua mufereji, maji ikashuka kwa kelele. Bengine balikata miti pale juu, bakaitelemusha, tukaikanyaga na miguu mpaka ishike. Sijui tulitumia saa ngapi, najua tu kwamba mikono yangu ilitoka damu na sikusikia. Chukudu ikapita. Muke wa ndugu yangu alikuwa ameacha kulalamika. Alikuwa amejifunika uso.

Butembo balimupasua. Mutoto akatoka mwanaume, mudogo, muzima. Mama yake alipoamuka, mufurmu, muuguzi wa pale, alimuuliza baba wa mutoto iko wapi. Akajibu, "Anakuja." Hakuniangalia.

Tuliporudi, moto ilituacha chini, tukapanda kwa miguu. Nilikuwa nabeba mutoto. Kwa kiwanja cha nyumba yetu batu balikuwa bamekaa chini, moto imewashwa katikati, na mama amenyoa kichwa. Nilikuwa nimesahau. Naapa, kwa yale yote ya hospitali, nilisahau kwamba kilio kinaendelea kule juu. Bamama balikuwa banaimba, bakatuona, bakanyamaza. Hakuna mutu alijua kama atuambie pole ao atuambie asante ya kuzaa. Muke wa ndugu yangu alisimama kwa mulango wa kiwanja, mukono juu ya kidonda chake, akaangalia kichwa cha mama. Kiisha alipita katikati yao bila kusalimia, akaingia ndani.

Kile kipande ni changu sasa, kufuatana na sheria. Njo kizuri kuliko vyote. Batu ba chukudu banapita pale bila kushusha hata mufuko mumoja, bananiambia merci, mama. Mama yangu hakunisemesha tena. Alikuwa anapika, ananiwekea sahani, anageuka.

Na muke wa ndugu yangu hakanyage pale. Akienda soko, mutoto kwa mugongo na kitunga kwa kichwa, akifika kwa kona anaacha njia, anashuka kwa kijia cha mbuzi, anashikilia majani, anatokea ngambo. Hata mvua inyeshe. Siku moja nilimuona anateleza, akaangukia magoti. Nikamupigia kelele kutoka juu, kama kawaida yangu: "Utaniangushia mutoto wa ndugu yangu! Njia si hii hapa, mbele yako?"

Alisimama, akapangusa magoti. "Dada," akasema pole pole, "hiyo ni njia ya benye bwana zao balikufa."

Posho iliyofuata sikwenda kwa kipande changu. Nilishuka bondeni na jembe, nikaanza kukata ngazi ndani ya kile kijia, pana kidogo, za kutosha mutu mwenye kubeba mutoto. Karibu saa sita nikasikia mutu amesimama juu yangu. Ilikuwa mama. Aliangalia zile ngazi, aliangalia mikono yangu.

"Unalima kipande cha nani?"

Ilikuwa sauti yake ya kwanza kwangu tangu kilio.

"Cha ndugu yangu," nikasema.

Mama akafunga kikwembe chake vizuri kiunoni, akashuka, akaanza kunipitishia mawe.