Sanduku la mume wangu lilifika Kampala, mwenyewe hakufika

Admin, ficha jina langu na la mume wangu. Mimi ni mama wa miaka themanini na saba, ninaishi hapa Kisangani, commune ya Tshopo. Macho yangu hayaoni tena vya kuandika. Anayeniandikia ni binti wa jirani, si wa nyumba yetu, na ameapa kufunga mdomo. Mume wangu ana miaka tisini na minne. Tumekaa pamoja karibu miaka sabini, na nasema wazi: miaka yote hiyo namdharau. Si kwamba alinipiga au alileta wanawake. Namdharau kwa sababu ya safari moja.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Rafiki yangu Zaituni, tuliyekua naye Maniema, alikuwa ameolewa na mfanyabiashara wa Kampala. Wakatualika mimi na mume wangu, na tiketi za ndege wakatutumia. Siku zile mtu mweusi kupanda ndege lilikuwa jambo la kusimuliwa mtaa mzima. Mume wangu alikuwa karani, mtu wa tai na kofia, na safari ikampanda kichwani. Alipita nyumba kwa nyumba kuaga, hata kwa watu ambao hakuwahi kuwasalimia. Tena nyumbani kwa akina baba yake, wavuvi wa kule kwenye maporomoko, msafiri alipikiwa samaki wa kuagwa, na ukishamla samaki yule huruhusiwi kurudi nyumbani mpaka ufike unakokwenda. Ukirudi njiani, wanasema umewaletea mkosi.

Tulipofika uwanjani tukaambiwa injini imeharibika, wanangoja kipuri, turudi kesho. Wazungu walipelekwa hotelini, sisi tukaoneshwa barabara. Mtu mwenye akili angerudi kwake alale kitandani mwake. Huyu akasema watu watamcheka, na samaki ameshaliwa. Basi tukajificha kwa karani mwenzake karibu na uwanja, mapazia yamefungwa mchana kweupe, bwana mzima ananikataza kukohoa. Kesho yake uwanjani wakatuambia yale yale. Kesho kutwa pia.

Siku ya nne asubuhi ndege ikawa tayari, masanduku yetu yakapakiwa. Tukiwa tunangoja kuitwa, mume wangu akamwona mama mmoja wa mtaani kwetu, mke wa mchukuzi wa pale, amemletea mumewe chakula. Mama huyo tulimwita redio, maana habari ikimfikia asubuhi, mchana mtaa wote unayo. Kugeuka, mume wangu hayupo. Nilimkuta chooni, amejifungia. Abiria wakaitwa. Nikagonga mlango.

"Toka, avion iko nakwenda."

"Ule mama iko pale?"

"Iko."

"Alors, tungoje aende kwanza."

Nikagonga tena. Mlango haukufunguka. Nikautazama ule mlango, nikamfikiria Zaituni anayeningoja siku ya nne sasa, nikaondoka. Nikiwa naelekea kwenye ndege nikamsalimia yule mama redio, nikamwambia tumecheleweshwa siku tatu. Mnajua alisema nini? Alisema pole, tusafiri salama, akaendelea kufunua sufuria yake. Hakucheka. Hata hakuuliza.

Ndani ya ndege nilikaa kando ya kiti kitupu. Nikala mkate wangu, nikala na wake. Niliuona mto wetu chini, mwembamba kama utepe wa gauni. Woga ulikuwepo, lakini nilifurahi, na sijapata kufurahi vile tena. Nilikaa Kampala wiki tatu. Siku ya kuondoka fundi wa picha alitupiga picha mbele ya nyumba ya Zaituni: mimi, yeye, mumewe, binti yao mdogo, na sanduku la mume wangu miguuni petu.

Wiki hizo zote mume wangu alikuwa Ubundu, alikokwenda kwa treni kujificha kwa tonton, mjomba wake. Siku ya kurudi aliijua kwenye tiketi. Akanivizia barabarani nikitoka uwanjani, akachukua sanduku, akatangulia mbele. Njiani akanihoji nyumba za Kampala zikoje, watu wanakula nini. Tulipoingia mtaani, msafiri alikuwa yeye. Mama redio akawa shahidi wake: aliniona kwa macho yake nikipanda, na mume wangu bila shaka alikuwa ameshatangulia ndani.

Hayo ningemsamehe. Kinachoniuma ni kwamba katika hadithi yake mimi nalia. Ndege inatikisika, mimi nalia, nimeng'ang'ania mkono wake, yeye ananibembeleza. Amesimulia hivyo harusini na matangani, kwa watoto wetu sita, kwa wajukuu. Wananitania: koko, bibi yetu, kweli ulilia? Nami nilinyamaza, kwanza kwa kumsitiri, halafu kwa mazoea, na sasa kwa aibu ya kunyamaza kwenyewe.

Zaituni alifariki zamani. Mjukuu wangu amempata binti yake, yule mdogo wa kwenye picha, kupitia simu. Jumamosi anakuja kututembelea, na picha anakuja nayo. Wanangu wamepanga kumketisha baba yao mbele uani, asimulie Kampala mbele ya mgeni wa Kampala. Juzi nilimpa mume wangu habari hiyo. Akasema:

"Ile siku nitakuwa mugonjwa. Utafunga mulango, utasema niko nalala."

Miaka tisini na minne, bado anatafuta mlango wa kujifungia. Lakini ni baba wa wanangu, wanamheshimu, na siku zake si nyingi. Nikimwomba binti wa Zaituni aiache picha Kampala, huyu atakufa msafiri, nami nitakufa yule mwoga aliyelia. Nikiacha picha ije, watoto watamcheka mzee ambaye hata kusimama anashikwa mkono.

Ufunguo wa chumba ninao mimi, nimeufunga kwenye ncha ya kitenge changu. Nishaurini, wanangu, nifanye nini: Jumamosi nimfungie, au safari hii nigonge mpaka atoke?